Carp ya Hiroshima: timu iliyookolewa na makuta ya watu wadogo

Tarehe 6 mwezi wa nane kila mmoja wetu anaijua, au alipaswa kuijua. Siku hiyo, mwaka wa 1945, saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi, bomu moja la Wamarekani lililipuka juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Kabla mwaka ule haujaisha, watu karibu 140,000 walikuwa wamekwisha kufa. Sisi Wakongomani tuna sababu yetu ya kuikumbuka tarehe hiyo: sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ya siri ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga, karibu na Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka wa 1940. Yalikaa ndani ya ghala mpaka wanajeshi wa Marekani walipokuja kuyaulizia mwaka wa 1942. Vita vilipoisha, Sengier alivishwa medali na serikali ya Marekani. Wachimbaji wa Shinkolobwe walibaki na vumbi lao.

Lakini leo hatuandiki juu ya bomu. Tunaandika juu ya tarehe nyingine ya mji ule ule, ambayo huku kwetu haitajwi: tarehe 15 mwezi wa kumi, mwaka wa 1975. Siku hiyo timu ya besiboli ya Hiroshima, inayoitwa Carp, ilichukua ubingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza, kiisha kungojea miaka 26 ya michezo. Siku tano baadaye wachezaji walipita juu ya magari katika barabara kubwa iitwayo Barabara ya Amani, na watu wapatao 300,000 wakasimama pande zote mbili. Kati yao walikuwako wazee na wajane walioinua juu picha zenye fremu. Zilikuwa picha za wafu wao. Waliwaleta ili nao waone.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu anamleta marehemu kutazama wacheza mpira, lazima urudi nyuma.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo la mti. Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vilivyopangwa kwa duara, na akirudi pale alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Mpira ukipigwa hata ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji pamoja na wenzake wote waliokuwa vituoni wanarudi polepole, hakuna wa kuwazuia. Yale mengine ni hesabu na uvumilivu. Wajapani wanaupenda mchezo huu kama sisi tunavyopenda kabumbu, na zaidi kidogo.

Huko Japani, timu za besiboli za kulipwa huwa na mwenyewe. Moja ni ya gazeti, nyingine ya kampuni ya treni, nyingine zamani ilikuwa ya kampuni ya sinema. Mwenye kampuni analipa, timu inabeba jina lake, na hasara ya mwaka anaiandika kama matangazo ya biashara. Carp ilianzishwa bila mwenyewe. Wakubwa wa mji na wa jimbo walikubaliana mwishoni mwa mwaka wa 1949 kwamba Hiroshima itakuwa na timu katika ligi mpya, na tarehe 15 mwezi wa kwanza 1950 wachezaji walionyeshwa kwa wakaaji, hapo palipokuwa kiwanja cha gwaride la wanajeshi. Miaka minne na miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu bomu. Watu wengi walikuwa bado wanalala katika vibanda vya mbao na mabati.

Jina lilitoka kwa samaki, carpe wa mto wao, na ngome ya zamani ya mji ilikuwa ikiitwa pia ngome ya carpe. Kuna kisa kidogo hapo cha kuchekesha. Mwanzoni waliliandika jina kwa Kiingereza na herufi ya wingi mwishoni, mpaka wenye kukijua Kiingereza wakawaambia kwamba samaki huyo hana wingi. Ni kama kwetu: samaki mmoja, samaki mia, neno ni lile lile. Herufi ikafutwa.

Msomaji wa Goma atauliza: mji ambao hauna nyumba unatafuta timu ya nini? Swali ni la haki. Lakini huyo huyo msomaji anakumbuka mwezi wa kwanza 2002, wakati volkano ilipofunika katikati ya mji, na watu wakarudi kukanyaga mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Hawakungoja mtu awaambie kwamba mji bado uko. Hiroshima nao, treni ndogo ya barabarani ilianza kutembea tena kwenye kipande cha njia siku tatu tu kiisha bomu. Timu ya mpira ilikuja katika mstari huo huo.

Ila treni ndogo ilibeba watu, na timu ya mpira ilibeba hasara. Mwaka wa kwanza, 1950, Carp ilishinda michezo 41 na kushindwa 96. Ilikuwa ya mwisho kati ya timu nane, mbali kabisa na bingwa wa mwaka ule, Shochiku Robins, timu ya kampuni ya sinema na michezo ya kuigiza. Kocha wa Carp, Shuichi Ishimoto, mtoto wa Hiroshima mwenyewe, alikuwa anajua kazi yake. Kilichokosekana ni pesa. Mishahara ilichelewa, kisha ikakosekana.

Mwezi wa tatu 1951 wakubwa wa timu waliketi na kuamua mambo yameisha: Carp iungane na timu ya Taiyo, iliyokuwa Shimonoseki, yaani imezwe. Habari ilitangazwa kwa radio. Wapenzi wa timu wakafika hapo hapo kwenye kikao, na kabla ya usiku kwisha uamuzi ulikuwa umegeuzwa. Ishimoto ndiye aliyesema: tusingoje tajiri, tuwaombe wakaaji. Akaanza kuzunguka mitaani, viwandani, vijijini na katika masomo, akihubiri kama mhubiri, ili kila mahali paundwe kundi la kuichangia timu. Kazi hiyo ilimchukua hata siku za michezo.

Na mlangoni mwa uwanja liliwekwa pipa. Lilikuwa pipa tupu la mbao, la pombe ya mchele, la aina wanayoita taru. Mtu akiingia anatumbukiza alicho nacho. Watoto walitumbukiza makuta ya peremende. Wafanyakazi waliopokea mshahara wao jana yake walitumbukiza sehemu yake, ingawa nyumbani palikuwa na matumbo ya kulisha. Kwetu tungelinganisha na likelemba, lakini tofauti yake ni kubwa: katika likelemba zamu yako inafika na unapokea. Pipa la Hiroshima halikuwa na zamu. Kitu pekee ulichopokea ni kwamba kesho timu itakuwapo.

Ni hapo gazeti letu linapotaka kusimama kidogo, kwa sababu mambo ya pipa yakisimuliwa mara nyingi yanakuwa hadithi tamu, na utamu unaficha hesabu. Pipa halikuleta ushindi. Mwaka wa 1951 Carp ilimaliza tena ya mwisho. Mwaka wa 1952 ligi, iliyotaka kupunguza idadi ya timu, ikaweka sheria kali: timu itakayoshinda chini ya michezo 30 kwa kila 100 itaondolewa. Kila mtu alijua sheria hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Basi tazama kilichotokea. Carp ilishinda 37, ikashindwa 80, yaani kidogo tu juu ya mstari. Aliyeanguka chini ya mstari ni Shochiku Robins, bingwa wa miaka miwili nyuma: ushindi 34, kushindwa 84. Timu ya sinema ikaunganishwa na Taiyo, ile ile iliyokuwa imeandaliwa kuimeza Carp. Maskini wa ligi akabaki, tajiri akafutwa.

Kwa nini? Wengine watasema ni bahati ya michezo mitatu minne. Ni kweli, michezo michache ingegeuka, leo tusingekuwa na cha kuandika. Lakini sisi tunaona pia jambo lingine. Shochiku, mwenyewe alipochoka, hapakuwa na mtu mwingine wa kukataa. Carp ilikuwa na maelfu ya wenyewe, na mtu aliyetumbukiza makuta yake pipani haoni aibu kuja kugonga mlango wa kikao na kusema hapana. Makuta yale hayakutosha kununua wachezaji wakubwa. Yalitosha kumpa mtu wa mtaani haki ya kusema.

Miaka iliyofuata tutaipita haraka, kwa sababu kwa upande wa mchezo ni miaka ya kiu. Mwezi wa saba 1957 uwanja mpya wa mji ulifunguliwa, wenye taa za usiku, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye lile jengo lenye paa la vyuma vitupu ambalo picha yake dunia nzima inaijua. Aliyekaa juu katika viti vya uwanja aliona mchezo mbele yake na magofu yale jirani. Mwaka wa 1968 kiwanda cha magari cha mji, Toyo Kogyo, ambacho leo kinaitwa Mazda, kilishika timu, na jina likawa Hiroshima Toyo Carp. Kwa hiyo mwishowe tajiri alipatikana. Hatufichi jambo hilo. Alikuwa tajiri wa pale pale, na hakuihamisha timu.

Halafu ukaja mwaka wa 1975, na hapa historia inafanya kitu ambacho mtunzi angeogopa kukitunga. Timu ilimchukua kocha Mmarekani, Joe Lutz. Mmarekani, katika Hiroshima, miaka 30 tu kiisha bomu! Jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha rangi ya kofia, kutoka buluu nzito kuwa nyekundu, rangi ya mtu mwenye hamu ya kupigana. Lutz hakukaa. Mwisho wa mwezi wa nne aligombana juu ya uamuzi wa mwamuzi, wakubwa wa timu wakaingilia, akaona heshima yake imevunjwa, akaondoka. Takeshi Koba akashika nafasi yake. Lakini wekundu ulibaki, na mpaka leo ukisema wekundu Hiroshima, mtoto mdogo anajua unasema nini.

Tarehe 15 mwezi wa kumi, Tokyo, kwenye uwanja wa Giants, timu tajiri kuliko zote nchini, Carp ilishinda 4 kwa 0. Pointi tatu kati ya hizo nne zilitoka kwa pigo moja, mpira uliovuka ukuta katika awamu ya mwisho. Aliyelipiga ni Gail Hopkins, Mmarekani mwingine, ambaye baadaye aliacha gongo akawa daktari.

Na katika timu hiyo hiyo alikuwamo Sachio Kinugasa. Tungependa vijana wetu walijue jina hilo. Alizaliwa Kyoto mwezi wa kwanza 1947, mama Mjapani, baba mwanajeshi mweusi wa Marekani. Watoto wa namna hiyo, katika Japani iliyoshindwa vita, walionyeshwa vidole njiani. Huku Mashariki tunajua vizuri jinsi mtoto anavyobebeshwa mzigo wa majeshi yaliyopita. Kinugasa aliingia Carp mwaka wa 1965. Kuanzia mwezi wa kumi 1970 hakukosa mchezo hata mmoja, hata mmoja, mpaka alipostaafu mwezi wa kumi 1987: michezo 2,215 mfululizo. Tarehe 13 mwezi wa sita mwaka huo wa mwisho aliipita hesabu ya Lou Gehrig wa New York, 2,130, iliyokuwa imesimama tangu 1939. Walimwita mtu wa chuma. Mwezi wa nane 1979 mpira ulimpiga na kumvunja mfupa wa bega. Kesho yake alitoka na gongo lake, akapiga mara tatu kwa nguvu zake zote, akakosa zote tatu, akarudi kuketi. Uwanja ulimshangilia kuliko siku alizopata.

Sasa pima mambo haya pamoja. Mji uliochomwa na bomu la Marekani, kwa mawe ya Kongo, unapata furaha yake ya kwanza kubwa kwa kofia iliyochaguliwa na Mmarekani, kwa pigo la Mmarekani, na shujaa wake wa miaka 17 ni mtoto wa mwanajeshi wa Marekani. Hakuna aliyetangaza msamaha, hakuna mkutano wa upatanisho ulioitishwa wala hoteli iliyokodishwa. Walikuwa wanatafuta ushindi tu.

Ushindi uliendelea kwa muda. Mwaka wa 1979, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja, Osaka, Carp ilikuwa bingwa wa Japani nzima kwa mara ya kwanza. Katika awamu ya mwisho vituo vyote vilikuwa vimejaa wapinzani na hakuna aliyetolewa, lakini mrushaji Yutaka Enatsu akajinasua kwa mipira ambayo Wajapani wameihesabu, 21, na wanaisimulia mpaka leo. Ikawa bingwa wa Japani tena 1980 na 1984. Mwaka wa 1991 ikachukua ligi.

Kisha giza. Tangu 1993 wachezaji wa muda mrefu waliruhusiwa kwenda kwenye timu wanayoitaka, na anayelipa zaidi anajulikana daima. Nyota wa Carp wakaondoka mmoja mmoja. Kutoka 1998 hadi 2012, miaka 15 mfululizo, timu ilimaliza katika nusu ya chini. Mwaka wa 2004 wenye timu kubwa walizungumza juu ya kupunguza timu na kuunganisha ligi, na uwanja wa zamani ulikuwa umechakaa. Je, Hiroshima walifanya nini? Walitoa tena mapipa. Watoto wa 1951 walikuwa sasa wazee, wakatumbukiza pamoja na wajukuu wao, na zikapatikana zaidi ya yeni milioni 100 kwa ajili ya uwanja mpya. Uwanja huo ulianza kuchezewa michezo ya ligi tarehe 10 mwezi wa nne 2009. Pipa peke yake halijengi uwanja, serikali ya mji na ya jimbo na kampuni zililipa iliyobaki. Lakini pipa lilipotangulia, ilikuwa vigumu kwa wakubwa kukaa na mikono mfukoni.

Kuna jambo tunalolijua huku kwetu na tunalisema bila kumtaja mtu. Timu zetu nyingi zina prezida mmoja, naye ndiye pochi, ndiye basi la safari, ndiye chakula cha wachezaji. Akipata cheo, timu inanona. Akianguka kisiasa, au akikosana na wenye nguvu, timu inaanguka naye, na wapenzi waliopiga ngoma miaka kumi hawana mlango wa kugonga, kwa sababu hawakuwahi kuombwa kitu isipokuwa sauti yao. Tumezoea kusema watu wetu ni maskini, hawawezi kuchanga. Hao hao wanachanga kila posho kwa ajili ya msiba, harusi, kanisa na mgonjwa wa jirani. Hawachangii timu kwa sababu hakuna aliyewawekea pipa mlangoni na kuwaonyesha jioni kilichomo ndani. Hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mjini Hiroshima makuta ya pipa yalihesabiwa. Je, ni timu ngapi za Bukavu, za Goma au za Bunia zinazobandika hesabu ya mlangoni ukutani kiisha mchezo?

Mwaka wa 2015 Hiroki Kuroda, mrushaji aliyekuwa New York akicheza kwa Yankees, alikataa mamilioni ya dola akarudi Carp kwa mshahara mdogo zaidi. Alikuwa karibu na miaka 40. Mwaka wa 2006, alipokuwa akifikiri kuondoka, wapenzi wa timu walikuwa wametandaza kitambaa kikubwa uwanjani kumwambia wako pamoja naye, naye hakusahau. Tarehe 10 mwezi wa tisa 2016, Tokyo, yeye ndiye aliyeanza kurusha siku Carp ilipochukua ligi, miaka 25 tangu mara ya mwisho. Ikachukua tena 2017 na 2018. Ubingwa wa Japani nzima haujarudi tangu 1984, na uwanja hujaa vilevile.

Kwa miaka mingi Carp haikucheza nyumbani tarehe 6 mwezi wa nane. Mwaka wa 2011 ilicheza Hiroshima siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka 53. Mwaka wa 2015, miaka 70 ya bomu, kengele ya amani ililia asubuhi saa mbili na robo, na jioni wachezaji wa Carp waliingia uwanjani. Kocha na wachezaji wote walikuwa na namba moja mgongoni, 86, mwezi wa nane tarehe sita. Usiku ule hakuna aliyevaa namba yake mwenyewe.